Rafu ya Uingereza au rafu ya kusini: ununue nini kwenye bekari ndogo

Ukikaa Uingereza miezi michache utaikuta tu bekari ya aina hii. Chumba kimoja, joto la tanuri linakupokea mlangoni, mbele kuna kabati la kioo, na ndani yake nchi mbili tatu zimepangwa pamoja. Upande mmoja kuna skoni, keki ya Victoria, vikeki vya zabibu kavu vinavyoitwa Eccles na pasti za nyama. Upande wa pili kuna lamington (vikeki vya miraba vya chokoleti na nazi), biskuti za Anzac, pai za kushika mkononi na, ikiwa ni wikendi, pavlova, ile ya ute wa mayai na krimu. Mwenye duka ni mtu wa Australia au New Zealand aliyehamia huku, au Mwingereza aliyeishi kule akarudi na mapishi. Ukivitazama vyote utasema ni ndugu, na kweli ni ndugu, kwa sababu walioupeleka uokaji huu kusini ni wahamiaji wa Kiingereza, Kiskoti na Kiairishi wa karne ya 19. Ila mdomoni havifanani, havikai muda sawa, na vingine mtu asiyekula nguruwe asiviguse kabla ya kuuliza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aondoke nao. Cha moto cha kushibisha, nunua cha kusini. Cha kunywea chai, nunua cha Uingereza. Cha kusafiri nacho, chukua Anzac na usihangaike. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na mahali ambapo kanuni hiyo inavunjika.

Anza na swali la mafuta

Kabla ya ladha kuna hili, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili ndilo la kwanza. Uokaji wa jadi wa Uingereza unampenda nguruwe kuliko kabati linavyoonyesha. Pai ya nguruwe, ile fupi nene inayoliwa baridi na yenye tabaka la jeli kati ya nyama na ganda, haina mjadala: jina lake linajieleza. Soseji-roli ya Kiingereza nayo ni nguruwe karibu kila mara isipoandikwa vinginevyo. Mtego uko kwenye vitu vitamu. Ganda la mapishi mengi ya zamani hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa sababu yanalifanya livunjike vizuri mdomoni. Eccles za zamani zilikandwa hivyo, ingawa waokaji wengi leo hutumia siagi. Halafu kuna *lardy cake* ya Wiltshire, mkate mtamu wa zabibu kavu unaokunjwa mara kadhaa na mafuta hayo hayo, ukitoka tanuri unang'aa na kunukia sukari iliyoungua. Unavutia mno, na hauna namna ya kuwa halali.

Mafuta mengine ya kujua ni *suet*, yaani mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe au kondoo. Hayo yamo kwenye pudingi za kuchemsha na kwenye mchanganyiko wa matunda wa vipai vya Krismasi. Siku hizi yapo pia ya mimea. Pombe nayo inajificha: keki ya matunda hunyweshwa brandi kwa wiki kadhaa, na pai ya nyama yenye neno *ale* kwenye jina lake imepikwa na bia.

Rafu ya kusini ni nyepesi zaidi kwa swali hili. Vitu vyake vitamu hutegemea siagi, sukari, mayai na nazi. Lamington, Anzac na pavlova ya kawaida havina sababu ya kuwa na nguruwe. Cha kuangalia ni peremende laini zinazowekwa ndani ya *lolly cake* ya New Zealand, kwani huwa na jelatini. Pai za kusini kwa kawaida ni za ng'ombe, lakini ng'ombe si lazima awe amechinjwa kihalali. Duka lisiposema, uliza. Na kama jibu ni la kusitasita, rudi kwenye vitamu.

Hapa ndipo udogo wa duka unapokufaa. Anayekujibu mara nyingi ndiye aliyekanda. Muulize ganda lina mafuta gani, naye atakwambia bila kupekua karatasi. Sheria nayo iko upande wako kidogo. Tangu Oktoba 2021, chakula kilichofungwa hapo hapo dukani kabla hujakichagua lazima kiwe na lebo yenye viungo vyote. Wanaiita Sheria ya Natasha, kwa jina la msichana aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukutajwa kwenye kifungashio. Kitu kilicho wazi ndani ya kabati hakilazimiki kuwa na lebo hiyo. Kwa hicho duka linatakiwa kukueleza vizio 14, yaani viungo vinavyoweza kuleta mzio, vinavyotambuliwa na sheria, na nguruwe hayumo kati ya hivyo 14. Kwa hiyo usitegemee kibao. Fungua mdomo.

Pasti na pai: njaa ya kweli

Pasti ya Cornwall, mkoa wa kusini-magharibi mwa Uingereza, ni nusu duara la unga lenye mshono wa kusokota ubavuni. Ukimtazama mtu anayezifunga utaelewa kwa nini zinauzwa ghali kuliko vitu vya viwandani. Anaweka katikati ya duara vipande vya nyama ya ng'ombe, viazi, vitunguu na *swede*, ule mzizi wa manjano unaofanana na tanipu. Vyote ni vibichi. Anatia chumvi, pilipili manga, basi. Anakunja, kisha kidole gumba cha kulia kinabonyeza na cha shahada cha kushoto kinageuza, bonyeza, geuza, mpaka mwisho wa upinde. Kila kitu kinaiva ndani kwa mvuke wake chenyewe, na juisi ya nyama inaingia kwenye viazi.

Mwaka 2011 jina hilo lilipewa ulinzi wa kijiografia. Ili iitwe pasti ya Cornwall lazima itengenezwe Cornwall, mshono uwe ubavuni, nyama isipungue asilimia 12.5 na mboga asilimia 25. Kuoka kunaweza kumalizikia kwingine, lakini kujaza na kufunga ni huko huko. Ndiyo maana bekari ndogo ya London au Leeds inayozifunga yenyewe itaandika tu "pasti ya jadi". Usiidharau kwa kukosa jina. Nimekula zenye jina zilizokuwa kavu na zisizo na jina zilizokuwa na juisi mpaka kiwiko.

Sasa pai ya kusini. Hii ni duara dogo la ukubwa wa kiganja, chini ganda gumu linaloweza kubeba mzigo, juu kifuniko cha tabaka tabaka, ndani nyama ya kusaga au ya vipande iliyopikwa kabla ikaiva kwenye mchuzi mzito wa kahawia. Kanuni za chakula za Australia zinataka pai ya nyama iwe na angalau asilimia 25 ya nyama. Ziweke namba mbili hizo pamoja: 12.5 kwa pasti, 25 kwa pai. Si kwamba pasti inakudanganya. Imekusudiwa iwe mlo wenye viazi vyake ndani. Lakini kama unataka nyama, jibu liko kwenye namba.

Kule Australia pai ni chakula cha mpira. Kampuni ya Four'N Twenty ilianza Bendigo mwaka 1947, na kwenye viwanja vya Melbourne mtu anashika pai mkono mmoja, juu kamiminia tomato sosi, na mkono wa pili unamlaani refa. Sydney wana kibanda cha Harry's Café de Wheels pale Woolloomooloo, kinachokandamiza viazi vya kuponda na njegere juu ya pai. Adelaide wao huizamisha kwenye supu nzito ya njegere. Mimi hiyo ya Adelaide sijaielewa, na sitajifanya.

New Zealand imeipeleka pai mbali zaidi. Kule nyama ya kusaga na jibini ni chakula cha kila kituo cha mafuta, na kuna mashindano ya kitaifa ya pai ambayo waokaji huyachukulia kwa uzito mkubwa. Aliyeyashinda mara nyingi ni Patrick Lam wa Tauranga. Ukiikuta pai ya nyama na jibini kwenye kabati la duka unalolitembelea, hiyo ndiyo ya kujaribu kwanza. Jibini linayeyuka chini ya kifuniko, linaukaza mchuzi, na chumvi yake inaifanyia pai kazi ambayo kwetu tungeiachia ndimu na pilipili.

Basi unachagua vipi? Swali ni utaila wapi. Pasti haivuji, inabaki na joto muda mrefu, unaweza kuitembeza, kupanda nayo treni na kuimaliza kituo cha tatu. Pai inataka usimame mahali. Mchuzi ulio ndani una moto usioonekana, na anayeuma katikati kwa pupa ataungua ulimi na kuchafua shati kwa pamoja. Ng'ata ukingo, acha mvuke utoke, shika kwa mfuko wa karatasi, uiname mbele kidogo. Kwa ladha peke yake, mimi kura yangu ni pai. Nyama iliyopikwa muda mrefu kwenye mchuzi iko karibu zaidi na ulimi uliolelewa kwa rosti kuliko nyama na viazi vyenye pilipili manga tu.

Kuna nyakati utaona pasti kwenye rafu ya kusini pia, na si makosa. Wachimbaji wa Cornwall walikwenda Australia Kusini kufuata shaba: Burra katika miaka ya 1840, kisha Moonta, ambako shaba ilipatikana 1861. Miji ya Moonta, Kadina na Wallaroo bado inajiita Cornwall Ndogo, na tangu 1973 inafanya tamasha la Kernewek Lowender kila baada ya miaka miwili. Pasti ya kule mara nyingi ina nyama ya kusaga, karoti na njegere, na mshono wake unaweza kupita juu badala ya ubavuni. Mtu wa Cornwall ataikunjia uso. Mtoto asiyependa vipande vikubwa vya mboga ataipenda.

Jambo dogo la bei: huku chakula cha moto cha kuchukua hutozwa kodi ya asilimia 20, na bidhaa nyingi baridi za bekari hazitozwi. Machi 2012 waziri wa fedha George Osborne alitaka kodi hiyo ikamate hata pasti zinazouzwa zikiwa bado na joto la tanuri. Kelele zilikuwa kubwa, wanasiasa wakashindana kusema lini walikula pasti mara ya mwisho, na kufikia mwisho wa Mei serikali ikarudi nyuma. Kwa hiyo pasti inayopoa yenyewe kwenye rafu haina kodi hiyo, ila inayowekwa kwenye kabati la moto inayo. Ukiona bei mbili kwa kitu kimoja, sababu ndiyo hiyo.

Soseji-roli sitaikalisha sana. Ya Kiingereza ni nguruwe na viungo vya majani. Ya kusini huweza kuwa ya ng'ombe au ya mchanganyiko, na huo mchanganyiko ndio wa kuuliza. Kama huli nguruwe na unataka tu kujua ladha yake, ipo ya mimea, ambayo tangu Greggs, mtandao wa bekari za Uingereza, walipoizindua Januari 2019 imekuwa kitu cha kawaida hata kwenye maduka madogo.

Keki ya Victoria na lamington

Keki ya Victoria inapendeza kwa urahisi wake: mayai, siagi, sukari na unga kwa uzito sawa, keki mbili zimelaliana, katikati jamu. Imepewa jina la malkia, na isingepanda kiasi kile bila bekingi poda, ambayo Alfred Bird wa Birmingham aliibuni miaka ya 1840. Wanawake wanaoshindanisha keki vijijini hawataki krimu ndani: jamu ya rasiberi tu, na juu sukari nyeupe laini iliyonyunyizwa. Bekari nyingi huongeza krimu, na wateja hatulalamiki. Ila siri ya keki hii ni siku. Iliyookwa asubuhi ni laini na ina unyevu. Iliyolala usiku kucha kwenye kabati baridi ni sifongo.

Lamington ni kinyume chake kabisa. Inataka keki ya jana. Keki mpya ikichovywa kwenye chokoleti inabomoka, kwa hiyo muokaji huikata miraba na kuiacha ikauke kidogo. Kisha huchoma mraba kwa uma, anauzamisha kwenye mchuzi mwembamba wa kakao na sukari, anahesabu kidogo, anautoa ukidondoka, na kuubingirisha kwenye nazi kavu. Ukiikata lamington nzuri utaona mstari mwembamba wa kahawia ulioingia ndani ya keki kutoka pande zote, halafu manjano katikati. Mstari ukikosekana, chokoleti ilipakwa tu juu na keki itakuwa kavu. Hiki ndicho kipimo changu: naomba inayokatwa mbele yangu, ama natazama ile iliyokatwa kwa maonyesho.

Jina linatokana na Lord Lamington, gavana wa Queensland kuanzia 1896 hadi 1901, ingawa nani hasa alichovya ya kwanza ni ugomvi usioisha. New Zealand wanayo ya waridi pia, iliyochovywa kwenye rasiberi, mara nyingi imepasuliwa na kujazwa krimu. Kama zipo mbili, kwa mtu mzima ningechukua ya waridi; uchachu wake unaikata sukari.

Tahadhari moja kwa watu wa pwani. Ukisikia keki ya nazi, pua inaanza kutegemea harufu ya tui. Haimo. Nazi ya lamington imekaushwa na kusagwa, kazi yake ni kutafunika na kuzuia chokoleti isishike vidole. Ukiila ukitarajia vitumbua vya asubuhi utasikitika bure. Ukiila kwa ilivyo, na kahawa isiyo na sukari, utaagiza ya pili.

Kati ya hizo mbili: mkienda saa nne asubuhi na mnakaa hapo hapo, Victoria. Mkienda saa kumi jioni, au mnapeleka nyumbani kwa watoto, lamington, na kubalini kwamba viti vya gari vitapata nazi.

Skoni si skonzi

Mtu wa Nairobi au Dar akiomba skoni akitegemea ile mikate midogo laini tamu ya dukani atapewa kitu kingine. Skoni ya Uingereza haina hamira. Ni unga, siagi baridi iliyosuguliwa kwa ncha za vidole, maziwa na bekingi poda, na inavunjika badala ya kuchanika. Huikati kwa kisu. Unaishika pande mbili na kuipasua kiunoni, kisha jamu na malai mazito yanayoitwa *clotted cream*. Malai ya Cornwall yenye jina linalolindwa lazima yawe na mafuta yasiyopungua asilimia 55, kwa hiyo hayamiminiki, yanachotwa. Cornwall huanza na jamu, jirani zao wa Devon huanza na malai. Anayekuhudumia atakuchunguza unavyofanya. Fanya utakavyo.

Kusini skoni imechukua njia nyingine. Queensland wana skoni za boga, zilizopata umaarufu kupitia Flo Bjelke-Petersen, mke wa waziri mkuu wa jimbo, ambaye baadaye naye mwenyewe alikuwa seneta. Boga lililopondwa linaipa rangi ya machungwa na unyevu unaoifanya iishi muda mrefu kuliko ndugu yake. New Zealand wanapenda skoni za tende, na za jibini zenye pilipili kidogo ya unga.

Hapa naiacha kanuni yangu ya "chai ni Uingereza" ipindishwe. Kwa chai ya huku, yaani majani ya chai kwenye maji ya moto na maziwa baridi yakiongezwa mwishoni, skoni ya kawaida na malai inatosha na haina mpinzani. Kwa chai yetu, ya maziwa yaliyochemka na tangawizi na iliki, skoni ya jibini ya New Zealand ndiyo inayokwenda vizuri zaidi. Nimewahudumia wageni kutoka Mombasa zote mbili, na sahani iliyorudi tupu kwanza ni ya jibini. Lakini zote ni za asubuhi. Skoni iliyobaki mpaka alasiri waachie wenyewe.

Za kuweka kwenye begi

Biskuti ya Anzac ni oti, unga, sukari, nazi, siagi na shira nzito ya miwa yenye rangi ya dhahabu. Haina yai. Magadi ya kuokea huyeyushwa kwenye maji ya moto na kumwagwa kwenye siagi na shira iliyoyeyuka, mchanganyiko unafura povu hadi juu ya sufuria, na povu hilo ndilo linaloinua biskuti. Kukosa yai na kuwa na unyevu mdogo ndiko kunakoifanya ikae wiki kadhaa ndani ya kopo lililofungwa vizuri.

Jina ni la kikosi cha Australia na New Zealand kilichotua Gallipoli tarehe 25 Aprili 1915. Watu husimulia kwamba wake na mama waliwapelekea askari biskuti hizi vitani. Chakula cha askari wenyewe kilikuwa biskuti ya jeshi, ngumu kiasi cha kuvunja jino, na mapishi tunayoyajua leo yalishika kasi baada ya vita. Australia inalilinda neno Anzac kwa kanuni tangu 1921: anayeuza biskuti kwa jina hilo anatakiwa kufuata mapishi na umbo la jadi. Huku Uingereza kanuni hiyo haifiki, lakini muokaji aliyezaliwa kule hatatia vipande vya chokoleti ndani. Akitia, una haki ya kutilia shaka rafu yote.

Uliza kama ni ngumu au za kutafunika. Ngumu ni za safari na kuchovya. Za kutafunika katikati zina mvutano kama wa kashata iliyokaa siku ya pili, na hizo ndizo ningempelekea bibi.

Upande wa Uingereza mpinzani wake ni Eccles, kutoka mji wa jina hilo karibu na Manchester, ambako James Birch anatajwa kuziuza dukani kwake mwaka 1793. Ni ganda la tabaka tabaka lililobanwa juu ya zabibu kavu ndogo nyeusi, mikato mitatu juu, sukari imeshika rangi. Wanazila na kipande cha jibini la Lancashire, mgahawa wa St. John jijini London umezifanya maarufu kwa mtindo huo, na chumvi ya jibini juu ya zabibu inafanya kazi kweli kweli. Ila kwenye begi inavunjika ganda lote, na siagi yake inaloanisha karatasi. Ile pale dukani, ikiwa na vuguvugu.

Kwa zawadi ya kupanda nayo ndege kwenda Dar, Anzac inashinda bila jasho. Haina krimu, haina nyama, na ikibanwa chini ya viatu vya mtu bado itafika ikiwa biskuti.

Pavlova, na mambo ya msimu

Pavlova inachukua jina la Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926, na nchi hizo mbili hazijaacha kugombania nani aliibuni. Ute wa mayai unapigwa na sukari mpaka usimame, huongezwa siki na wanga wa mahindi (*cornflour*, si unga wa ugali), na kuokwa kwa moto mdogo. Nje ganda jembamba, ndani laini, juu krimu na matunda; ya kusini yenyewe ina pasheni, na hilo litamfurahisha yeyote wa kwetu. Uingereza upande huo ina *trifle*, ya bakuli, yenye keki iliyoloweshwa, kastadi na krimu. Ya jadi huloweshwa kwa sheri, yaani mvinyo. Pavlova haina tatizo hilo, na kwa meza ya Idi au ya ubatizo ndiyo ningeagiza, mradi mwenye nyumba awe na nafasi kwenye friji.

Karibu na Pasaka rafu zote mbili zinajaa mikate midogo yenye msalaba juu. Ya Uingereza ina zabibu kavu, ganda la chungwa na viungo: mdalasini, kungumanga, mara nyingi na karafuu, zao ambalo kwa miongo mingi Unguja na Pemba ndizo zilizoilisha dunia. Kusini wameongeza ya chokoleti. Chukua ya viungo, ipasue, ichome, paka siagi yenye chumvi.

Desemba utaona vipai vidogo vyenye neno *mince*. Hamna nyama ya kusaga humo. Ni matunda makavu, viungo, mara nyingi brandi, na yale mafuta ya figo niliyoyataja. Wiki ya 25 Aprili, siku ya kukumbuka Gallipoli, biskuti za Anzac huisha mapema, hivyo agiza.

Na kahawa? Duka la kusini litakuwa na *flat white* nzuri, yaani espresso yenye maziwa laini ya moto. Wao ndio walioileta London kwa nguvu. Mgahawa wenye jina hilo ulifunguliwa Berwick Street, Soho, mwaka 2005. Chai ya duka hilo hilo yaweza kuwa ya hovyo, na kwenye bekari ya Kiingereza yaweza kuwa kinyume chake. Agiza kwa kufuata mkono wa anayetengeneza.

Ukienda, fika kabla ya saa sita mchana. Pai hutoka tanurini bandika bandua mpaka wakati wa chakula cha mchana, baada ya hapo zinazobaki zimekuwa zikisubiri. Ukinunua za kupeleka nyumbani, chukua zilizopoa, na uzipashe kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika ishirini hivi mpaka katikati pawe pa moto sana; maikrowevu italilainisha ganda likawa kitambaa. Lamington isiyo na krimu inakubali kugandishwa kwenye friza, keki ya Victoria yenye krimu haikubali. Pavlova agiza siku mbili kabla, na uifuate kwa gari badala ya basi.